Umeme Ndani ya Boti Ndogo: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Mwenye boti ametia nanga jioni karibu na Pangani. Friji inafanya kazi, taa zinawaka na simu za abiria zimechomekwa. Alfajiri anawasha injini. Starta inatoa mlio mmoja kisha kimya. Redio nayo imezimika. Dukani aliambiwa kwamba betri yake ni kubwa ya kutosha, lakini hakuuliza inatosha kwa kazi gani. Somo hili linakusudia kumwepusha mtumiaji na asubuhi ya namna hiyo.

Betri ni ghala

Betri haizalishi umeme, huutunza tu. Ukubwa wake huandikwa kwa ampea-saa, kwa alama Ah. Betri ya Ah 100 ikitoa ampea 5 kwa saa 10, imetoa ampea-saa 50. Kwa betri za kawaida za risasi na asidi, tunashauri usitumie zaidi ya nusu, kwa kuwa kuzikausha mara kwa mara hufupisha maisha yake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu volti 12.7; ikisoma karibu 12.2, imebaki nusu.

Vyanzo vya kuijaza

Altaneta ya injini. Huchaji injini inapozunguka. Kiwango kilichoandikwa juu yake hakipatikani injini ikiwa katika mzunguko wa chini, na betri inapokaribia kujaa hupokea umeme pole pole. Injini ndogo za kupachika nyuma hutoa ampea chache, na baadhi hazichaji kabisa. Uliza kabla ya kununua.

Paneli za sola. Paneli ya wati 100, iliyowekwa mahali pasipo na kivuli, huweza kurudisha takriban ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku ya jua kali. Kivuli cha mlingoti au cha turubai hupunguza sana kiasi hicho, kama yafanyavyo mawingu ya masika. Paneli ihitaji kidhibiti chaji, ili betri isijazwe kupita kiasi.

Umeme wa gatini. Chaja iliyounganishwa na umeme wa volti 230 huijaza betri vizuri usiku kucha. Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni, na pawepo swichi ya kukata umeme unapovuja, kwa sababu maji ya chumvi na umeme wa gridi ni mchanganyiko wa hatari.

Jenereta ya petroli. Hufaa kwa dharura. Isiwashwe kamwe ndani ya chumba cha boti: moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Hesabu ya siku moja

Zidisha ampea za kila kifaa kwa saa za matumizi. Mfano:

- Taa ya nanga ya LED: ampea 0.25 kwa saa 12 = 3
- Taa za ndani za LED: ampea 1 kwa saa 4 = 4
- Redio ya VHF ikisikiliza: ampea 0.5 kwa saa 10 = 5
- Kifaa cha GPS: ampea 1 kwa saa 8 = 8
- Kuchaji simu: ampea 1 kwa saa 4 = 4

Jumla ni ampea-saa 24. Betri ya Ah 100, ikitumika nusu tu, itakidhi siku mbili, na paneli moja ya wati 100 itarudisha kilichotumika siku yenye jua. Sasa ongeza friji ndogo ya ampea 4 inayozunguka jumla ya saa 12: ampea-saa 48. Jumla inakuwa 72. Betri ile ile haifikishi siku moja, na zitahitajika paneli za karibu wati 300. Kifaa kimoja kimebadili hesabu yote.

Betri mbili, kazi mbili

Betri ya kuwashia injini hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ile inayoitwa madukani betri ya sola hutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Usiziunganishe moja kwa moja. Zitenganishwe kwa swichi, ili friji isiweze kula umeme wa kuwashia injini. Hakikisha redio inabaki na akiba, kwani ndiyo itakayopeleka wito wa msaada kwenye chaneli ya 16. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya kila betri, na uifunge betri imara mahali penye hewa.

Kabla ya kulipa

1. Nenda dukani na hesabu yako iliyoandikwa.
2. Soma lebo: volti, ampea-saa, aina ya betri na tarehe ya kutengenezwa.
3. Uliza kama chaja na kidhibiti chaji vinafaa aina hiyo ya betri; ya lithiamu ina mahitaji yake.
4. Dai risiti na dhamana ya maandishi inayoonyesha muda na masharti.

Zoezi

Andika vifaa vya boti yako na upige hesabu ya siku moja. Kisha jiulize: jua lisipoonekana kwa siku mbili na injini isipowashwa, redio na taa ya nanga vitaendelea kufanya kazi? Ikiwa jibu ni hapana, punguza matumizi au ongeza chanzo kabla ya kung'oa nanga.