Somo la 7: Maneno ya Sirini

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Law. 19:14; Hes. 12:1–15, Ayu. 3:1–10, Mit. 16:28, 18:13, Mika 6:4, Lk. 12:1–3; Gal. 6:1.

Fungu la Kukariri: Luka 12:3. Lisome kwa sauti katika Biblia yako mara tatu, kisha likariri.

Mwaka 2012 mchezaji mmoja wa timu ya soka ya wanaume katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliandika orodha ya wasichana sita waliokuwa wamejiunga na timu ya wanawake mwaka huo. Kila msichana alipewa alama kulingana na sura na umbo lake, pamoja na maelezo ya aibu ambayo hayafai kurudiwa katika somo hili. Orodha hiyo alitumiwa kila mwenzake wa timu. Wasichana wenyewe hawakujua lolote.

Miaka 4 ilipita. Oktoba 2016 gazeti la wanafunzi wa chuo hicho likatoa habari zake. Uongozi ulipochunguza uligundua kwamba desturi hiyo haikukoma mwaka 2012. Timu ya 2016 nayo ilikuwa nayo, na wachezaji walipoulizwa mara ya kwanza hawakusema kweli yote. Tarehe 3 Novemba chuo kilifuta michezo yote iliyobaki ya timu hiyo. Wakati huo ndiyo iliyokuwa ikiongoza ligi yake.

Watu waligawanyika. Wengine walisema haki imetendeka. Wengine walisema: hawa ni vijana, walikuwa wakitaniana wao kwa wao, kwa nini maneno ya faragha yawagharimu msimu mzima? Swali hilo si la Marekani tu. Ni nani kati yetu ambaye kijana wake hana kundi la WhatsApp la timu, la darasa, au la kwaya? Juma hili tutauliza Maandiko yanasema nini juu ya neno lililosemwa mahali ambapo mwenye kusemwa hayupo, na kanisa, shule au timu ifanye nini neno hilo linapojulikana.

JUMAPILI
Kiziwi Hasikii

Soma Mambo ya Walawi 19:14. Mungu anakataza mambo gani mawili hapa? Je, mtu anayelaaniwa katika fungu hili anaumizwa vipi ikiwa hawezi kusikia?

Amri hii ni fupi, na wengi tumeipita mbio tukielekea fungu la 18 linalohusu kumpenda jirani. Tusimame hapa kidogo. Ukimlaani mtu mwenye masikio mazima, atakujibu, atakushitaki, au atalia mbele yako nawe utaona ulichofanya. Kiziwi hatafanya lolote kati ya hayo. Anaweza hata kukutabasamia, maana hajui. Kwa hesabu ya kibinadamu hakuna aliyeumia. Ndiyo maana Mungu anajitaja mwenyewe mwishoni mwa fungu, akitaka mcha Mungu akumbuke kwamba yupo Asikiaye kwa niaba ya asiyesikia.

Ujumbe wa siri kuhusu mtu asiyekuwamo kundini ni laana juu ya kiziwi. Wale wasichana sita walikuwa viziwi kwa miaka 4. Walifanya mazoezi karibu na wale vijana, walisalimiana nao, walishangilia mechi zao. Habari zilipotoka, waliandika barua ya wazi katika gazeti la chuo wakitia majina yao wenyewe, ingawa gazeti halikuwa limewataja. Walieleza kuwa jambo lile liliwauma, na kwamba waliowadhihaki ni watu waliowahesabu kuwa marafiki. Katika barua hiyohiyo walitoa msamaha.

Kwa hiyo hoja ya kwamba “ilikuwa faragha” haifuti kosa. Inaweza hata kuliongezea uzito, kwa sababu aliyesemwa alinyimwa nafasi ya kujitetea. Yesu katika Luka 12:1–3 aliwaonya wanafunzi juu ya chachu ya unafiki kabla ya kusema habari za maneno ya vyumba vya ndani. Mpangilio huo una maana. Tatizo la neno la sirini ni kwamba linatufanya watu wawili: mmoja wa uwanjani anayetoa mkono, na mwingine wa kwenye simu.

Fikiria ujumbe wa mwisho uliouandika kuhusu mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kuusoma. Ungeuandika vilevile kama angekuwa amekaa karibu nawe?

JUMATATU
Bwana Alisikia

Soma Hesabu 12:1–9. Miriamu na Haruni walisema nini juu ya Musa, na ni nani tunayeambiwa kwamba alisikia?

Mazungumzo yalianza na mke wa Musa, mwanamke Mkushi. Yaani yalianza na asili ya mtu, kisha yakahamia kwenye cheo. Mpaka leo matusi mengi ya vijana kwenye simu hufuata njia hiyohiyo: kabila, rangi, sura, ulemavu, halafu wivu unaojificha nyuma yake. Hatuambiwi kwamba Musa alikuwapo, wala kwamba mkewe alikuwapo. Tunaambiwa tu kwamba Bwana alisikia.

Katika Kiebrania kitenzi cha fungu la 1 kiko katika umbo la mwanamke mmoja, kana kwamba Miriamu ndiye aliyeanza na Haruni akafuata. Kila kundi la simu lina Miriamu wake na Haruni wake. Mmoja huandika, wengine huweka alama ya kicheko. Mungu aliwaita wote wawili mlangoni pa hema. Haruni hakuambiwa abaki nyumbani kwa sababu eti yeye alicheka tu.

Soma sasa Hesabu 12:10–15. Orodhesha kila kitu kilichotokea baada ya Miriamu kupatwa na ukoma. Ni nani aliyemwombea? Adhabu ilichukua muda gani? Watu walifanya nini katika muda huo?

Kwanza, palikuwa na matokeo. Musa alipomlilia Mungu amponye dada yake, Mungu hakusema, “Basi, yamekwisha.” Miriamu alitoka nje ya kambi, na kila mtu aliona. Wale wanaosema kuwa upendo wa kweli hauadhibu wanapaswa kulisoma fungu la 14 pole pole.

Pili, aliyekosewa ndiye aliyeomba. Lakini angalieni, hakuna aliyemlazimisha Musa kufanya hivyo. Nimewahi kuona wazee wa kanisa wakimketisha binti aliyetukanwa na kumwambia, “Wewe ni Mkristo, wasamehe yaishe,” kabla hata waliomtukana hawajakiri. Huko ni kumbebesha aliyeumizwa mzigo wa pili.

Tatu, siku zilihesabiwa. Zilikuwa saba. Miriamu alipotoka alijua siku ya kurudi.

Nne, na hili ndilo linalonigusa zaidi, taifa zima halikusafiri. Maelfu ya watu, pamoja na watoto na mifugo, walikaa jangwani juma zima wakimngoja mwanamke mmoja aliyekuwa amekosea kwa kinywa chake. Wangeweza kung’oa hema na kumwambia awafuate baadaye.

Karne nyingi baadaye, katika Mika 6:4, Mungu anawakumbusha Israeli wale aliowatuma kuwaongoza kutoka Misri. Anamtaja Musa, na Haruni, na Miriamu. Jina lake halikufutwa.

JUMANNE
Si Kila Neno Baya ni Kosa Moja

Mwaka 2017, katika jimbo la Pennsylvania, msichana wa miaka 14 alikosa nafasi katika kikosi kikuu cha kushangilia timu za shule yake. Siku ya Jumamosi, akiwa dukani na rafiki yake, mbali na shule, alituma kwa Snapchat picha yenye maneno machafu ya kuilaani shule, kikosi, na kila kitu. Iliwafikia marafiki wake wapatao 250 na ilikuwa ifutike yenyewe baada ya saa 24. Mmoja aliihifadhi, ikafika kwa walimu wa kikosi, naye akasimamishwa mwaka mzima. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 23 Juni 2021 iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba shule ilikosea. Hata hivyo, mahakama haikusema kuwa shule haina neno kamwe juu ya yanayosemwa nje ya uzio wake. Ilitaja mambo ambayo shule bado inaweza kuyashughulikia, kama vile uonevu mkali dhidi ya mtu fulani, au vitisho.

Mahakama za dunia si kipimo chetu cha mwisho, lakini tofauti hiyo ni ya kweli. Soma Ayubu 3:1–10. Ayubu anailaani siku yake kwa maneno makali. Mungu alimhoji baadaye, lakini hakumhesabu kama mtu aliyemdhalilisha jirani. Mtoto aliyekasirika akamwaga hasira yake hewani anahitaji mzazi, mwalimu na pengine usingizi. Mtoto aliyekaa akampangia mwenzake alama za mwili, au akamwita jina la mnyama kwa sababu ya kabila lake, amefanya jambo jingine. Kuwapa wote wawili adhabu moja si haki, hata kama maneno ya yule wa kwanza ndiyo yaliyotushtua zaidi masikioni.

Umri nao ni sehemu ya haki. Daudi katika Zaburi 25:7 aliomba makosa ya ujana wake yasikumbukwe. Hakusema hayakuwa makosa.

JUMATANO
Aliyezipeleka Habari

Soma Mithali 16:28 na 18:13. Mafungu haya yanamwonya nani?

Ujumbe wa siri hautoki wenyewe. Yupo anayeupiga picha na kuupeleka. Anaweza kuwa anamtetea asiyesikia, na huyo ametenda vema. Anaweza pia kuwa mchonganishi aliyeutunza miaka mitatu akingoja siku mwenzake atakapochaguliwa timu ya taifa. Viongozi wauchukulie ujumbe kwa uzito wake katika hali zote mbili, ila wasihukumu kabla ya kusoma mazungumzo yote na kumsikiliza aliyeandika. Picha moja ya skrini inaweza kukatwa juu na chini.

Wachunguze pia nani alifanya nini. Novemba 2016, mwezi uleule wa habari za Harvard, ujumbe wa matusi ya rangi na ya kijinsia ulitoka katika kundi la wanamieleka wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Chuo kiliisimamisha timu, kikachunguza, kisha kikawatenga wahusika na kuwaruhusu wengine kurudi ulingoni. Hilo ni gumu zaidi kuliko kufungia wote au kuacha wote. Linataka muda.

ALHAMISI
Siku Saba za Kwetu

Miaka mingi iliyopita niliketi kwenye kamati ya nidhamu ya shule moja ya bweni. Wavulana wanne wa timu ya mpira wa wavu walikuwa wamemdhihaki mwenzao mwenye kigugumizi katika kundi la simu wakati wa likizo. Walikuwa wakirekodi sauti zao wakimwiga. Tulikubaliana upesi. Tuliwatoa kwenye timu, tukaandika kumbukumbu, tukafunga kwa maombi na kwenda kula.

Hatukuandika ni lini wangeweza kurudi. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona yule kijana mwenye kigugumizi. Mimi nami sikwenda, na ndiye niliyekuwa nikifundisha darasa lake la Biblia. Muhula ulipoisha alihama. Mmoja wa wale wanne aliacha kuja kanisani, nilipokutana naye stendi ya mabasi baada ya miaka, aliniuliza, “Mwalimu, ile adhabu yetu iliisha lini?” Sikuwa na jibu.

Soma Wagalatia 6:1. Paulo anawapa wa rohoni kazi gani, na anawaonya kuhusu nini?

Kumrejeza mtu ni kazi yenye hatua. Katika timu ya kanisa inaweza kuwa hivi: mmoja wa viongozi aende kwanza kwa aliyedhihakiwa, amsikilize, amuulize anahitaji nini ili ajisikie salama. Walioandika wakiri mbele ya viongozi na wazazi, na mbele ya aliyeumizwa ikiwa yeye mwenyewe anataka. Wakae nje ya mechi kwa idadi inayotajwa. Wakiwa nje, kocha aendelee kuwapigia simu na mchungaji aendelee kuwatembelea. Idadi ikitimia, warudi, na asiwepo mtu wa kuwaita kwa kosa lao tena. Kama kosa lilihusu vitisho au picha za aibu za mtoto, jambo hilo si la kamati ya kanisa peke yake. Lifikishwe kwa vyombo vya sheria.

Je, yupo mtu katika kanisa lenu aliyeadhibiwa bila kuambiwa siku ya kurudi? Nani atakwenda kwake?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Hesabu 12 yote kwa kikao kimoja, kisha 2 Samweli 11:14, 15. Barua ya Daudi kwa Yoabu ilikuwa ya siri kabisa, na aliyeibeba ni Uria mwenyewe. Linganisha namna Nathani alivyomwendea Daudi katika sura ya 12 na namna sisi tunavyowaendea vijana wetu.

Maswali ya Kujadili:

1. Baadhi ya wachezaji wa Harvard wa 2016 huenda hawakuandika neno hata moja, lakini walipoteza msimu pamoja na wengine. Je, hilo lilikuwa haki? Jadilini mkimkumbuka Haruni.

2. Mzazi anasema: “Simu ni ya mtoto wangu, alichoandika ni siri yake.” Mungemjibu nini kwa kutumia Mambo ya Walawi 19:14?

3. Mchezaji wa miaka 22 anachaguliwa timu kubwa. Siku hiyohiyo unasambazwa ujumbe alioandika akiwa na miaka 15, wa kudhihaki kabila jingine. Ninyi ndio viongozi wa timu. Mtamwuliza nini kabla ya kuamua? Mtawauliza nini watu wa kabila hilo waliomo kikosini?

4. Kabla ya Sabato ijayo, kila mmoja afungue kundi moja la simu alimo na asome ujumbe wa juma zima, kana kwamba anayezungumzwa ameketi karibu naye. Kuna nini cha kufuta, na kuna nani wa kwenda kumwona?