Risasi Ipi kwa Shabaha ya Mita 50? Fizikia katika Baridi ya Njombe na Upepo wa Makambako

Watu wengi wanaoanza mchezo wa kulenga shabaha hudhani kwamba risasi iliyo bora ni ile iendayo kasi kuliko zote. Dhana hiyo ina sehemu ya ukweli, kwani risasi ya kasi hukaa hewani kwa muda mfupi, hivyo huanguka kidogo. Hata hivyo, fizikia yaonyesha kwamba kasi kubwa huweza pia kumletea mlengaji hasara.

Aina za risasi

Risasi ndogo za mchezo huu hazina fataki katikati ya kitako cha ganda. Kemikali ya kuwashia baruti huwekwa ndani ya ukingo wa kitako, na nyundo ya bunduki hupiga ukingo huo. Iliyoenea zaidi ni ile yenye kipenyo cha milimita 5.6, yaani inchi 0.22, iitwayo .22 Long Rifle, ambayo ilitolewa nchini Marekani mwaka 1887. Kichwa chake cha madini ya risasi kwa kawaida kina uzito wa gramu 2.6. Mwaka 1959 ilitokea .22 Magnum yenye baruti nyingi zaidi, na mwaka 2002 ikatokea .17 HMR, ambayo kichwa chake cha gramu 1.1 huzidi mita 750 kwa sekunde.

Kuanguka na kupeperushwa

Tuchukue risasi mbili za .22 Long Rifle. Risasi A hutoka mtutuni kwa mita 325 kwa sekunde na kufika mita 50 kwa sekunde 0.160. Risasi B hutoka kwa mita 380 kwa sekunde na kufika kwa sekunde 0.140. Kwa kanuni ya kuanguka, yaani nusu ya g mara mraba wa muda, A huanguka sentimita 12.5 na B sentimita 9.6. Tofauti hiyo haimsumbui mlengaji: mvutano wa dunia haubadiliki, naye hurekebisha kilengeo mara moja tu.

Upepo hauna tabia hiyo. Risasi haipeperushwi kwa kadiri ya muda wote wa safari, bali kwa kadiri ya muda uliopotea kwa ukinzani wa hewa. Kanuni yake ni hii:

Mpeperuko = kasi ya upepo wa ubavuni × (muda halisi − muda ambao ungetumika pasipo hewa)

Pasipo hewa, A ingetumia sekunde 0.154 na B sekunde 0.132. Basi A imepoteza sekunde 0.006, na B sekunde 0.008. Upepo wa mita 4 kwa sekunde utaisogeza A milimita 24, lakini B milimita 32. Duara la alama kumi katika shabaha ya mashindano ya kimataifa ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Kumbe risasi ya kasi ndiyo iliyopeperushwa zaidi!

Mpaka wa sauti

Sababu ni kwamba ukinzani wa hewa hupanda ghafla risasi inapokaribia na kuvuka kasi ya sauti, kwa kuwa nguvu nyingi hupotea katika mawimbi ya mshtuko. A husafiri chini ya mpaka huo; B huanza safari juu yake.

Kasi ya sauti hewani ni takriban mita 331 kwa sekunde, ukiongeza 0.6 kwa kila digrii ya Sentigredi. Hutegemea joto, wala si mwinuko wenyewe. Dar es Salaam kwenye digrii 30 ni mita 349. Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai huweza kufika digrii 5, na hapo kasi ya sauti ni mita 334. Kwa hiyo risasi itokayo kwa mita 340 iko chini ya mpaka huko pwani, lakini imeuvuka Njombe. Ni kweli kwamba baridi hupunguza kidogo nguvu ya baruti, lakini mlengaji hawezi kutegemea kwamba mabadiliko hayo mawili yatalingana.

Hewa ya nyanda za juu

Mwinuko una faida yake. Hewa ya Njombe na Makambako ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya sita, na ukinzani hupungua kwa kiasi hicho. Milimita 24 za pwani huwa karibu 20. Lakini Makambako ni mji wa upepo. Vipimo vilivyochukuliwa kwa ajili ya mipango ya umeme wa upepo vilionyesha wastani wa karibu mita 9 kwa sekunde katika kimo cha mita 30. Karibu na ardhi upepo hupungua, ila hubadilika-badilika. Faida ya hewa nyepesi hupotea upesi pale.

Uchaguzi

Kwa shabaha ya mita 50, .22 Long Rifle ya mita 320 hadi 330 kwa sekunde ndiyo ifaayo. Ni tulivu, bei yake ni nafuu, na ndiyo aina inayokubaliwa katika mashindano ya kimataifa ya masafa hayo. Ile ya .17 HMR huenda kasi mno hata muda inaoupoteza ni mdogo zaidi, na hufaa masafa ya mita 100 na kuendelea. Lakini ni ghali na haikubaliwi katika mashindano hayo. Hatimaye kila bunduki ijaribiwe kwa risasi za aina kadhaa, kwani mitutu hutofautiana.

Nchini Tanzania silaha hizi humilikiwa kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Risasi hii, ijapokuwa ndogo, huweza kuua na kufika zaidi ya kilometa moja. Uwanja usio na tuta imara nyuma ya shabaha haufai.

Zoezi

1. Tafuta kasi ya sauti Makambako kwenye digrii 20. Je, risasi ya mita 340 kwa sekunde imeuvuka mpaka?
2. Tafuta mpeperuko wa A na B kwa upepo wa mita 3 kwa sekunde.

Majibu: 1. Mita 343 kwa sekunde; haijauvuka, ila imeukaribia mno. 2. Milimita 18 na milimita 24.