Diwani, Meya na Gavana: Amana ya Kura Ndogo



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zangu, somo hili limetokana na swali. Baada ya swala ya Ijumaa tulikaa katika halaka yetu tukizungumza kuhusu uchaguzi wa Malawi wa tarehe 16 Septemba 2025. Ndugu yetu mmoja anayeishi Dzaleka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nyinyi zungumzeni tu. Mimi hapa si raia, sipigi kura. Kwetu Kivu Kusini sipo, na huko pia sipigi. Somo hili linanihusu nini?"

Siku ile hakuna aliyemjibu vizuri. Mmoja alimwambia asubiri, Allah atafungua njia. Mwingine alisema siasa ni uchafu, aliyeepushwa nayo na ashukuru. Majibu yote mawili hayakuniridhisha, nikaenda kusoma. Nitaeleza kwanza chaguzi zenyewe zilivyo, kisha misingi minne kutoka katika dini yetu, halafu nitarudi kwa ndugu yetu na swali lake.

Nani anamchagua nani?

Wengi wetu tukisikia neno uchaguzi tunafikiria urais. Lakini hapa Malawi mpiga kura hupewa karatasi tatu siku hiyo hiyo: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Diwani anaiwakilisha kata yake katika baraza la wilaya au la jiji. Lilongwe ina mabaraza mawili, la jiji na la wilaya, na kila moja lina madiwani wake. Meya wa jiji hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Madiwani wakishaingia barazani humchagua mmoja wao. Mikoa mitatu ya nchi hii, yaani Kaskazini, Kati na Kusini, haina gavana wa kuchaguliwa.

Kongo, ambako ndiko kwao wenzetu wengi wa Dzaleka, mambo ni tofauti. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliweka majimbo 26, ingawa majimbo hayo hayakuanza kazi mpaka mwaka 2015. Wananchi huwachagua wabunge wa jimbo, na wabunge hao ndio wanaomchagua gavana na makamu wake kwa muhula wa miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho wa wabunge wa majimbo ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023, na magavana wa majimbo mengi wakachaguliwa mwezi Aprili 2024.

Kenya wameshika njia ya tatu. Tangu tarehe 4 Machi 2013 wananchi wa kaunti 47 humchagua gavana wao wenyewe, pamoja na wawakilishi wa wadi.

Tofauti hii ni muhimu kuielewa. Mkenya akikosea gavana, amekosea kwa mkono wake. Lakini Lilongwe na Bukavu, kura yako inapita katika mkono wa mtu mwingine kabla haijamfikia meya au gavana. Ukimchagua diwani kwa sababu alikupa fulana na kilo ya sukari, umemkabidhi mtu wa fulana na sukari kazi ya kumchagua meya wa jiji zima. Basi asiyeijali kura ya diwani asishangae baadaye akimwona meya asiyemtaka.

Msingi wa kwanza: Wawakilishi watoke kwa watu wenyewe

Kabla ya Hijra, watu wa Yathrib walikutana na Mtume (S.A.W.) kwa siri pale Aqaba wakampa ahadi ya pili. Walikuwa zaidi ya sabini. Mtume (S.A.W.) hakuwapangia viongozi kutoka Makka. Aliwataka wamtolee wao wenyewe manaqibu kumi na wawili wa kuwasimamia watu wao, nao wakatoa tisa kutoka Khazraj na watatu kutoka Aws.

Aliyekuwa anapokea wahyi angeweza kuteua majina yote kumi na mawili, na hakuna ambaye angepinga. Lakini aliwaachia wanaowajua watu wao. Hapo tunajifunza kwamba kumtafuta msimamizi wa mtaa au wa kabila kutoka kwa wenyewe si jambo geni katika historia yetu. Naqibu alikuwa dhamana wa watu wake: analijua tatizo lao, na anaulizwa juu yao.

Msingi wa pili: Amana haipimwi kwa ukubwa wake

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah (S.W.) ametuamrisha tuzifikishe amana kwa wanaostahiki, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Wafasiri wengi wanaihusisha aya hii na ufunguo wa Al-Kaaba. Siku ya kufunguliwa Makka ufunguo ulichukuliwa kutoka kwa Uthman bin Talha, na kuna waliotamani wakabidhiwe wao. Mtume (S.A.W.) aliurudisha kwa Uthman.

Ufunguo ni kitu kidogo, unaingia mfukoni. Lakini jambo lake lilikuwa zito. Kura ya diwani nayo ni kama hivyo. Diwani hasaini mikataba na mataifa makubwa. Anazungumzia soko, taka, barabara ya vumbi ya kata, kisima na zahanati. Hayo ndiyo mambo anayokutana nayo mama yako kila siku kabla ya saa nne asubuhi.

Pamoja na hayo, uchaguzi huu mdogo ndio huachwa kwanza mambo yakiwa magumu. Malawi walipiga kura ya madiwani mwaka 2000, na waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 14 tu ya walioandikishwa. Mabaraza yakavunjwa mwaka 2005, na uchaguzi wa madiwani haukufanyika tena hadi tarehe 20 Mei 2014. Miaka tisa wilaya zote hazikuwa na diwani hata mmoja. Kongo nako, wabunge wa majimbo waliochaguliwa mwaka 2006 kwa miaka mitano walibaki vitini hadi uchaguzi wa Desemba 2018. Madiwani wa komuni walipigiwa kura kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ile ile Desemba 2023, tena katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Katika miaka yote hiyo mameya waliendelea kuteuliwa kutoka juu.

Serikali zina lawama yake. Lakini tujiulize na sisi: pale asilimia 86 walipobaki nyumbani, nani angeona haya kuufuta uchaguzi ambao wenyewe hawakuutaka?

Msingi wa tatu: Zawadi yenye masharti ni rushwa

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akapanda mimbari na kuwauliza watu kama mtu huyo angezawadiwa lau angekaa tu nyumbani kwa baba yake au mama yake.

Swali hilo ni mizani tunayoweza kuitumia mpaka leo. Mgombea anayekuletea unga wiki moja kabla ya kura, je, angekuletea kama usingekuwa na kura? Na mbunge wa jimbo anayepewa bahasha usiku wa kuamkia uchaguzi wa gavana, je, angepewa kama angekuwa mkulima wa mihogo Walungu?

Hatari ya rushwa ni kubwa zaidi katika uchaguzi unaopita mkono wa pili. Kuwanunua watu milioni moja ni kazi ngumu, lakini baraza la jimbo lina wajumbe makumi kadhaa tu. Januari 2007, mabaraza ya majimbo ya Kongo yalipowachagua magavana kwa mara ya kwanza chini ya Katiba mpya, kulikuwa na tuhuma za kura kununuliwa. Huko Bas-Congo watu waliingia barabarani kupinga matokeo, na kufikia tarehe 1 Februari zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa katika ukandamizaji wa maandamano na ghasia zilizotokea. Januari 2024 tume ya uchaguzi ya nchi hiyo ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu na makosa mengine, na miongoni mwao alikuwemo gavana wa Kinshasa aliyekuwa madarakani.

Mtume (S.A.W.) amewalaani mtoa rushwa na mpokeaji, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi. Angalieni: mpokeaji naye yumo. Tumezoea kusema "kula zake, kura mpe mwingine". Kwa siasa huo ni ujanja. Kwa dini umepokea mali ya haramu, na ukaongeza kuvunja ahadi.

Msingi wa nne: Gavana anaulizwa, na anayelalamika anaulizwa

Umar bin al-Khattab (R.A.) alimweka Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) kuwa gavana wa Kufa. Sa'd ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Watu wa Kufa wakamshtaki, hata wakadai kwamba swala yake haiko sawa. Umar (R.A.) hakuwaambia wanyamaze kwa sababu ya heshima ya Sa'd. Alimuita, akamsikiliza, kisha akatuma watu waende naye Kufa wakaulize msikiti kwa msikiti. Kila walipofika alisifiwa, isipokuwa katika msikiti wa Banu Abs, ambako mtu mmoja alimtuhumu kwa dhuluma. Umar alimuondoa Sa'd, na baadaye, alipokuwa anakaribia kufa, alibainisha kwamba hakumuondoa kwa udhaifu wala kwa hiyana.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza: raia wa kawaida ana haki ya kusikilizwa juu ya gavana wake, hata gavana akiwa mtu mwema. La pili: yule aliyemtuhumu Sa'd kwa uongo alipatwa na dua ya aliyedhulumiwa, akaishi na matokeo yake mpaka uzeeni. Anayesambaza uongo kuhusu mgombea katika kundi la WhatsApp amesimama alipokuwa amesimama mtu yule.

Na ushahidi hauangalii kabila. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mchewa, Myao, Mshi, Mbembe na Mnyamulenge wote wamo ndani ya aya hiyo.

Jibu kwa ndugu yetu wa Dzaleka

Sasa turudi kwenye swali. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu elfu kumi na kidogo, na leo ina zaidi ya 50,000. Uandikishaji wa wapiga kura hutumia kitambulisho cha taifa, ambacho mkimbizi hana. Kwao nako, Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita, na Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wanajeshi tangu Mei 2021. Kwa hiyo ndugu yetu hakusema uongo. Milango yote miwili imefungwa.

Nina mambo matatu ya kumwambia.

Kwanza, swali lako linatuhusu sisi wenye kura kabla halijakuhusu wewe. Diwani wa kata iliyo jirani na kambi anazungumzia barabara unayopita na soko unalouzia nyanya. Mimi ninayempigia kura nimeshika amana yangu na yako. Mtoto hapigi kura, mgonjwa asiyeweza kutembea hapigi, mkimbizi hapigi, na wote wataishi na nilichochagua. Walii wa yatima hanunui kwa mali ya yatima kile kinachomfurahisha yeye. Basi kumchagua mtu anayewachukia wageni kwa sababu tu ametuahidi sisi kitu, ni kula amana ya jirani.

Pili, ushahidi hauhitaji kitambulisho. Watu waliompelekea Umar malalamiko yao hawakuwa na karatasi za kura. Mnapoitwa kwenye mikutano ya kambi, semeni yaliyo ya kweli kuhusu maji, mgao na usalama, bila kuzidisha na bila kuficha. Suratul-Baqara, aya ya 283, inatuonya tusifiche ushahidi.

Tatu, una chaguzi ambazo hakuna aliyekunyima. Jumuiya yetu ya wanafunzi inachagua amiri, katibu na mweka hazina kila mwaka. Mwaka jana, tuseme ukweli, wangapi tuliangalia anatoka wapi kabla ya kuangalia anaijua kazi? Siku Kivu itakapotulia watahitajika wabunge wa jimbo, madiwani na mameya. Mtu hajifunzi uaminifu siku anapoapishwa. Anajifunza na sanduku la jumuiya lenye kwacha elfu chache.

Nilimpelekea ndugu yetu majibu haya kabla ya kuyaandika hapa. Alisoma, akanyamaza kidogo, akasema: "La kwanza ndilo muhimu. Waambie hilo." Nami nimewaambia.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Diwani wa kata yenu anaitwa nani, na mara ya mwisho mlimuuliza nini?
2. Kwa nini uchaguzi unaopita mkono wa pili ni rahisi zaidi kuharibiwa na rushwa? Toeni mfano.
3. Kisa cha Sa'd bin Abi Waqqas kinamfundisha nini kiongozi, na kinamfundisha nini mlalamikaji?
4. Tutaje mambo mawili ya kubadilisha katika uchaguzi wa jumuiya yetu mwaka huu.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofikisha amana kwa wenyewe. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.