Kidonda kisichouma

SWALI: Daktari, mama ana kisukari kwa miaka mingi. Juzi tumemkuta na kidonda unyayoni, naye anasema hakimuumi. Tusubiri?

JIBU: Msisubiri. Kutouma ndiko kunakonitia wasiwasi. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hukanyaga msumari, au hutembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima, asihisi. Mishipa ya damu nayo husinyaa, kidonda huchelewa kupona, na bakteria wanaweza kupenya hadi mfupani. Mpelekeni hospitali leo. Majivu na dawa ya meno (bado naviona vidondani!) msimpake.

Baadaye, akague nyayo zake kila jioni. Asipoweza kuinama, atumie kioo, au mjukuu mwenye macho makali. Aoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu, mtu mwingine akiyapima kwanza, na akaushe vizuri katikati ya vidole, maana fangasi hupenda unyevunyevu. Mafuta asipake hapo. Sugu asizikate kwa wembe. Kandambili hazikingi vidole. Avae viatu vilivyofungwa, visivyobana, hata akiwa nyumbani, na avikung'ute kabla ya kuvivaa.