"Live" kwa Kiswahili: somo kutoka albamu moja ya Rush

Katika zoezi la tafsiri niliandika "albamu ya moja kwa moja" mahali ambapo Kiingereza kilisema "live". Mwalimu alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: moja kwa moja kutoka wapi, na lini? Sikuwa na jibu. Nimelitafuta katika albamu ileile iliyozungumziwa na zoezi, "All the World's a Stage".

Rush ilikuwa bendi ya roki nzito kutoka Toronto, Kanada, yenye watu watatu tu: Geddy Lee aliimba na kupiga besi, Alex Lifeson alipiga gitaa, Neil Peart ngoma. Santuri hizo mbili zilirekodiwa katika ukumbi wa Massey Hall, tarehe 11 hadi 13 Juni 1976, zikatolewa Septemba. Hapo kosa langu linaonekana wazi. "Moja kwa moja" ni maneno ya redio na televisheni: jambo linatendeka, nawe unalisikia saa ileile. "Mubashara", linalopendwa na watangazaji wa Tanzania, lina maana hiyohiyo. Lakini aliyenunua santuri hizo Septemba alisikia usiku uliokwisha pita. Kifaransa hutenganisha: "en direct" yahusu wakati, "en public" yahusu watu waliohudhuria. Kiingereza kimetia yote mawili katika neno moja, nami nikachukua nusu isiyofaa.

Je, tuseme "iliyorekodiwa mbele ya watu"? Ni sahihi, ila ni maelezo, si jina. Tena linaacha jambo ambalo katika bendi ya watu watatu ndilo kubwa. Studioni Lifeson aliweza kurekodi gitaa juu ya gitaa. Ukumbini ana mikono miwili tu. Akianza solo, hakuna gitaa lingine nyuma yake, na besi na ngoma hubeba wimbo mzima. Ukisikiliza kwa makini unasikia nafasi ile ikibaki tupu, na Lee akiijaza.

Jukwaa hubadili hata hadithi. "2112", wimbo wa dakika 20 hivi, unasimulia nchi inayotawaliwa na makuhani: mtu anaokota gitaa la kale, anawapelekea, wanalikataa. Katika albamu hii wimbo umefupishwa, na sehemu ya kuokota gitaa imeondolewa. Mtu anafika mbele ya makuhani na chombo ambacho hatukumwona akikipata! Kwa msomaji wa fasihi hilo ni pengo. Kwa waliokuwa ukumbini, walioijua hadithi, nadhani halikuwa tatizo.

Kwa hiyo napendekeza "albamu ya jukwaani". Jina lenyewe la albamu, lililotoka katika tamthilia ya Shakespeare "As You Like It", linataja jukwaa. Na picha ya jalada inaonyesha jukwaa lenye vyombo, bila mwanamuziki hata mmoja.

Mwenzangu mmoja anapinga: siku hizi, asema, jukwaa ni la wanasiasa na mijadala, na msomaji atafikiri ni hotuba zilizorekodiwa. Nimemjibu kwamba neno "albamu" linatosha kuondoa shaka hiyo. Hajaridhika. Zoezi nimeliandika upya kwa neno hilo na kulirudisha. Bado nangoja kalamu nyekundu.