Mwanafunzi Anayeshindwa Kusoma: Mwongozo kwa Walimu wa Sekondari

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Tanzania mwenye mwanafunzi anayelieleza somo vizuri kwa mdomo, lakini karatasi yake ya mtihani hurudi karibu tupu.

Usimwite mvivu, wala usimbandike jina la ulemavu kabla hujamchunguza. Kwanza apimwe macho na masikio. Kisha mpe aya ya Kiswahili aisome kwa sauti. Hatua hii usiiruke: mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi hukutana na Kiingereza karibu katika kila somo aingiapo kidato cha kwanza, na wengi hukwama hapo bila kuwa na ulemavu wowote. Hao wanahitaji kufundishwa lugha. Anayekwama hata katika Kiswahili, na amekwisha kufundishwa kwa subira, huenda ana disleksia, yaani ulemavu wa kujifunza unaofanya kusoma kuwe kugumu. Zingatia kasi yake kuliko makosa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mwenye disleksia anaweza kuyatamka maneno yote sawasawa, ila polepole mno, hata afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Mwalimu anayehesabu makosa peke yake hatamwona.

Andika unayoyaona, kwa tarehe, na uhifadhi kazi zake. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomsaidia afisa elimu maalumu wa halmashauri, au mtaalamu atakayempima.

Baadhi ya walimu huhofu kwamba kumwongezea mtu muda ni kumpendelea. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2019 nchini Marekani ilibainika kuwa mshauri wa udahili wa vyuo, William Singer, aliwaelekeza wazazi matajiri wawatafutie watoto wao vyeti vya ulemavu wa kujifunza, ili waongezewe muda katika mitihani ya kuingia vyuo vikuu. Lakini huku kwetu anayeumia zaidi ni mtoto ambaye hajapimwa kabisa. Shule ikikaa kusubiri cheti, itamsaidia mwenye fedha na kumwacha anayehitaji zaidi.

Kwa hiyo anza na yasiyohitaji cheti. Soma maswali kwa sauti. Mruhusu ajibu kwa mdomo pale unapopima uelewa wa somo. Na jaribio lisilopima kasi, lipe darasa zima muda wa kutosha. Hapo hakuna aliyependelewa.

Mtihani wa Taifa una taratibu zake. Baraza la Mitihani limekuwa likiwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mkuu wa shule aulize mapema, kabla ya usajili, ni uthibitisho gani unaotakiwa kwa mwanafunzi wake.

Mzazi aelezwe faraghani, mwanafunzi akiwepo. Taarifa hizi zisitajwe mbele ya darasa wala katika kikao cha wazazi.