Kabla ya Meza ya Krismasi

Mazungumzo haya ni ya barazani, katika ushirika mmoja wa Kanisa la Moravian chini ya Mlima Rungwe, Jumamosi ya kuamkia Majilio. Mzee ni mwinjilisti mstaafu. Mgeni wake ni mwalimu wa sekondari, binti wa ushirika huohuo, aliyepewa zamu ya kutoa neno kwa vijana Jumapili ya pili.

MWALIMU: Shikamoo, tata.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Sogea huku ndani ya baraza, mvua inakurushia. Umepita njia ya mashamba ya chai?

MWALIMU: Nimepita huko, na viatu vimeshiba udongo. Nimekuja unisaidie, tata. Vijana wanataka kanisa lipambwe tangu kesho: taa za rangi, nyota, shada la mishumaa minne. Kwaya nayo inataka ianze nyimbo za Krismasi. Mchungaji amesema nyimbo zingoje. Sasa wananiuliza mimi zingoje nini, nami sina jibu la kuwatosheleza.

MZEE: Mapambo yasikusumbue, hayana kosa. Hilo shada lilianzia Hamburg mwaka 1839. Mwanatheolojia mmoja wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini, nao walikuwa wakimuuliza kila kukicha Krismasi imebaki siku ngapi. Akawatengenezea gurudumu la mishumaa ili wajionee siku zinavyosogea. Nyota nayo ni ya kwetu kabisa Wamoravian: ilibuniwa shuleni Niesky, Ujerumani, wanafunzi wakiunganisha pembe za karatasi katika somo la jiometri. Waacheni vijana wapambe. Ila waambie pia kwamba katika makanisa ya Magharibi majira haya yalianza kwa mfungo. Karne ya tano na ya sita, huko Gaul ambayo leo ni Ufaransa, Wakristo walikuwa wakifunga kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Ndiyo maana hata leo kitambaa cha madhabahu ni cha zambarau, rangi ileile ya Kwaresima. Ni rangi ya toba.

MWALIMU: Toba kwa ajili ya mtoto mchanga?

MZEE: Kesho somo la zamani la Jumapili ya kwanza ni lipi? Wewe umelisikia tangu utotoni.

MWALIMU: Yesu kuingia Yerusalemu juu ya punda. Hilo nalo nimelishangaa siku zote, maana tunalisoma tena Jumapili ya Matawi.

MZEE: Limewekwa mlangoni pa mwaka wa Kanisa kwa makusudi. Anayekuja ni mfalme, naye akishaingia mjini anakwenda moja kwa moja hekaluni na kupindua meza. Jumapili ya pili, hiyo ya zamu yako, tunasoma habari za ishara katika jua na mwezi, Mwana wa Adamu akija mawinguni. Ya tatu ni Yohana. Mtoto humwoni mpaka mwishoni kabisa. Wakatoliki pale Tukuyu mjini wana utaratibu unaolieleza jambo hili vizuri: hadi tarehe 16 Desemba masomo yao hutazama zaidi kurudi kwake Bwana, na kuanzia tarehe 17 ndipo wanageukia kuzaliwa kwake. Kwa hiyo ukiniuliza tunangoja nini, nitakwambia tunamngoja mwenye haki ya kutuuliza maswali.

MWALIMU: Vijana watasema basi tukae tu, tusali, tungoje.

MZEE: Kukaa? Nani Rungwe amewahi kungoja mvua kwa kukaa? Yakobo katika waraka wake anamtaja mkulima anayevumilia mpaka apate mvua ya kwanza na ya mwisho. Hapa kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, hatuna wasiwasi kama wenzetu wa Dodoma, na bado Oktoba utawakuta watu shambani wanakatua. Novemba inapoingia, aliyelala anajulikana.

MWALIMU: Hilo watalielewa. Lakini kukatua kwa Majilio ni kufanya nini? Kufunga? Kusoma Biblia zaidi? Mwaka jana niliwaambia wasome Isaya yote. Wachache walimaliza.

MZEE: Isaya ni mzuri. Mimi ningewaambia jambo jingine, gumu kidogo kuliko Isaya. Ngoja kwanza nikuulize. Wamisionari wa kwanza wa Kimoravian, akina Theodor Meyer na Theophil Richard, walifika hapa Rungwe mwaka gani?

MWALIMU: 1891. Mwaka huohuo wamisionari wa Berlin, wa Alexander Merensky, wakaingia nao, wakaenda upande wa Manow na Mwakaleli.

MZEE: Vyema. Na Kanisa lililowatuma lilipataje uhai?

MWALIMU: Herrnhut kule Ujerumani, kwa Zinzendorf. Tarehe 13 Agosti 1727. Tunaiadhimisha kila mwaka.

MZEE: Tunaiadhimisha, lakini kilichotangulia hatukisimulii. Wakimbizi kutoka Moravia walianza kujenga Herrnhut mwaka 1722, katika ardhi ya Zinzendorf. Baada yao wakaja na watu wengine wa imani mbalimbali, na haikupita miaka mitano wakawa hawasikilizani. Huyu anataka ibada ya Kilutheri, yule anataka taratibu za mababu zake. Mmoja wao alifika mahali pa kumwita Zinzendorf mnyama wa Ufunuo, na mchungaji wao nabii wa uongo. Watu waliokimbia mateso pamoja, mwanangu! Waliacha nyumba na mashamba kwa ajili ya Injili, kisha wakashindwa kuketi benchi moja. Zinzendorf akaacha shughuli zake za serikali huko Dresden, akahamia kwao, akawa anapita nyumba kwa nyumba akisikiliza. Tarehe 12 Mei 1727 wakaweka sahihi maagano ya kuishi kindugu. Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya kutembeleana, kusali na kuombana radhi. Ndipo tarehe 13 Agosti walipokwenda kanisani Berthelsdorf kushiriki Meza ya Bwana, na Roho akawajaza. Miaka mitano tu baadaye walikuwa tayari wamepeleka wamisionari visiwa vya Karibi. Sisi wa Rungwe ni matunda ya ugomvi uliomalizwa.

MWALIMU: Sikuwahi kusimuliwa hivyo.

MZEE: Kwa sababu tunapenda siku ya moto kuliko miezi ya kupita mlango kwa mlango. Kisha wakaifanya kuwa desturi. Kabla ya kila Meza ya Bwana, mshirika alikaa na mtumishi wa Kanisa, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, akaulizwa hali ya moyo wake. Una neno na mtu? Mtu ana neno nawe? Aliyekuwa na neno alikwenda kulimaliza kwanza. Hiyo ndiyo ningependa irudi katika Majilio yetu. Wakatoliki wanapanga foleni ya kitubio kabla ya Noeli, na sisi tulikuwa na yetu, tukaiacha itufie mikononi.

MWALIMU: Tata, samahani, si itaonekana ni mambo ya Wajerumani? Vijana wa leo wanauliza sana: hili ni la kwetu au tumeletewa?

MZEE: Wajibu kwamba hili Wajerumani walilikuta. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica akaandika vitabu vikubwa juu yetu. Ameeleza alivyowaona wazee: ukoo ukikutana kwa tambiko, mtu akiwa na kinyongo na nduguye anatakiwa akiseme hadharani. Asiposema, tambiko ni kazi bure, mtoto hatapona. Akishasema, anapuliza maji kutoka kinywani, alama kwamba hasira imetoka. Na kijiji kizima nacho kikimnung'unikia mtu, waliamini pumzi za watu zitamshusha kwa baridi na homa. Bibi yangu mzaa baba aliyaamini hayo mpaka alipobatizwa, na nadhani hata baada ya hapo. Hasira iliyofichwa waliiogopa kuliko hasira iliyosemwa.

MWALIMU: Kwa hiyo Injili haikuleta jipya?

MZEE: Ilileta, tena kubwa. Babu zetu walisema kinyongo kwa hofu ya ugonjwa, na walikisema ndani ya ukoo. Mtu baki hakuhusika. Kristo anakutuma hata kwa asiye wa ukoo wako, na anakutuma wakati mtoto wako ni mzima wa afya, hakuna kinachokusukuma. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa. Mtu akiuguliwa atapatana na dunia nzima. Akiwa na parachichi zake zinauzwa vizuri, atakwambia hana shida na mtu.

MWALIMU: (kimya kidogo) Umesema parachichi.

MZEE: Nimesema parachichi. Tukuyu nzima inajua, mwanangu. Naliona lile shamba nikienda kanisani.

MWALIMU: Kaka amepanda miche ya kisasa hadi upande wangu, tata. Marehemu baba alituonyesha mpaka sisi sote, kwenye ule mti wa zamani. Nilipompigia simu akasema mwanamke haulizi mpaka. Tangu mwaka jana hatujasalimiana. Na Krismasi hii anakuja kutoka Dar na watoto wake.

MZEE: Pole sana. Neno hilo alilokwambia ni baya, wala halina mguu wa kusimamia, si katika sheria ya nchi hii wala katika Kanisa. Nisikilize vizuri hapa, maana wahubiri wengi wanapotosha. Kupatana hakumaanishi umwachie shamba. Mpaka ni mpaka. Mkishindwana, Baraza la Kata lipo kupatanisha, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwenda huko si dhambi. Dhambi ni kufika kwenye Meza ya Bwana mkesha wa Krismasi mkiwa mmekaa mabenchi mawili, kila mmoja akiomba mwenzake aanguke.

MWALIMU: Sijaomba aanguke.

MZEE: Hata mara moja?

MWALIMU: …Labda miche ikauke.

MZEE: Hiyo iseme. Anza na hiyo. Ukiketi naye, usifungue kwa habari ya mti wa mpaka. Mwambie: niliomba miche yako ikauke, nisamehe. Akishasikia hivyo, mengine mtazungumza kama watu. Naye aseme lake.

MWALIMU: Mimi ndiye niliyekosewa, halafu mimi ndiye nianze?

MZEE: Zinzendorf aliitwa mnyama, na yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba. Sikwambii ni haki. Nakwambia ndivyo ilivyofanyika.

MWALIMU: Nimsubiri afike?

MZEE: Usisubiri. Wanaokuja kutoka Dar hushuka stendi tarehe 22 au 23. Nyumba imejaa wageni, ndizi zinamenywa, nyama inagawanywa, huyu amekunywa, yule amechoka na safari. Hapo ndipo ugomvi wa miaka kumi unapolipuka mbele ya watoto, nimeuona sana. Krismasi ni siku mbaya ya kupatana. Wiki nne hizi ndizo nafasi. Mpigie simu wiki hii, mweleze unataka mzungumze akifika, kabla ya sikukuu, na umtajie shangazi yenu awepo. Shangazi alikuwepo baba yenu alipoonyesha mpaka?

MWALIMU: Alikuwepo. Anaukumbuka kuliko sisi.

MZEE: Basi huyo ndiye mzee wenu wa kanisa.

MWALIMU: Na akikataa, tata? Akikata simu?

MZEE: Anaweza. Uliniuliza mwanzo tunangoja nini; sikia waliotutangulia walivyongoja. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yalipoingia Tukuyu, siku hizo ikiitwa Neu-Langenburg, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa kama maadui. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia wakaja kutuangalia kwa mbali, wachache kwa nchi kubwa. Wajerumani walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo yote waliobaki na Kanisa mikononi ni wainjilisti na wazee wenyeji, bila kujua kama kuna atakayerudi. Walisalisha, wakafundisha watoto kusoma, wakazika wafu, wakaamua mashauri ya washirika. Hawakuahidiwa tarehe. Wewe piga simu. Akikata, pita kwa shangazi, mwache yeye apige. Akikataa tena, Januari mtakwenda Baraza la Kata mkiwa wenye kusalimiana, upande wako angalau.

MWALIMU: Na zamu yangu ya Jumapili ya pili? Niwasimulie hili la kwetu?

MZEE: Hapana. La kaka yako lisifike mimbarini, ukilisema pale utakuwa umemshtaki mbele ya ushirika naye hayupo kujitetea. Wasimulie Herrnhut, tangu ugomvi, usiruke hata kidogo. Wasimulie wazee wetu na yale maji. Kisha waombe kila mmoja aandike jina moja kwenye karatasi, asimwonyeshe mtu, na ahakikishe amemfikia mwenye jina kabla ya tarehe 24. Kwaya wawahi zaidi.

MWALIMU: Kwaya kwa nini?

MZEE: Waimbaji wa sauti ya kwanza na ya tatu wamegombania sare tangu Agosti. Hujui? Mchungaji anajua. Nadhani hiyo ndiyo sababu nyingine amewaambia nyimbo zingoje.

MWALIMU: Ndaga fijo, asante sana, tata. Mvua imepungua, acha niwahi. Shangazi huwa analala mapema.